Wiki ya Kioo Kitupu

Jumatatu tuliliwasha jua.
Ni balbu ya wati mia, inaning'inia kwa mnyororo
juu ya tangi la kioo, refu kama jeneza la mtoto.
Hapana, Triinu kanikataza kusema hivyo.
Basi: refu kama benchi la watu wawili.

Mfugaji kule Tallinn alinikazia macho:
"Mjusi hatolewi kwa hamu tu.
Nenda, uwashe taa siku saba, ndani pakiwa patupu.
Andika joto asubuhi, adhuhuri, usiku.
Niletee daftari, ndipo tuzungumze."
Mimi, fundi wa mabomba ya joto hapa Tartu
mwaka wa kumi na tisa huu,
nikarudi nyumbani na kazi ya shule.

Nje, nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri.
Mto umefunikwa ubao mweupe, mbwa wanavuka juu yake.
Ndani ya kioo, kulia, thelathini na nane;
kushoto ishirini na tano, na kijipango cha kujificha,
maana kiumbe asiye na joto lake mwenyewe
hulifuata kwa miguu, akikinai huliacha.
Triinu, miaka tisa, anaziandika tarakimu
polepole, kama majina ya ndugu.

Tumejifunza. Mchanga haufai, ataumeza, utamfunga tumbo.
Tukatandika vigae vilivyobaki bafuni,
vya kijani, viwili vina ufa.
Tumejifunza kwamba nyenje hufika kwa posta
wakilia ndani ya kisanduku, na tarishi hakibebi ila kwa ncha za vidole;
kwamba huvingirishwa kwenye unga wa chokaa
kama samaki kabla ya kikaango;
kwamba mmoja lazima atoroke.
Yuko nyuma ya jokofu. Tumeshamzoea.

Mke wangu Kaie aliuliza swali moja:
"Ataishi miaka mingapi?"
Kumi, nikasema. Pengine kumi na miwili.
Akahesabu kwa vidole. Triinu atakuwa na ishirini na mmoja,
keshakwenda zake ng'ambo ya maji,
"na sisi wawili tutabaki kumchambulia mjusi majani."
Hakusema hapana.
Alisukuma kabati la sahani peke yake
ili tangi lisikae penye upepo wa dirisha.

Mama yangu, Leida, alikuwa ameapa:
siku joka litakapoingia kwa mlango huu, yeye atatokea ule.
Jumatano akapita na kikombe chake, akasimama.
Akaegesha kiganja kwenye kioo,
vidole vile vilivyopindwa na baridi yabisi.
Alhamisi alikuja na kiti.
Ijumaa, na sufi yake ya kufumia.
Jumamosi nilimkuta amesinzia,
shavu upande wa thelathini na nane,
soksi mapajani haijafika kisigino,
na Triinu kachuchumaa kando yake, kalamu mkononi:
"Baba, niandike pia saa aliyohamia kivulini?"

Nikaitazama mikono yangu.
Nyumba ngapi nimezipasha katika mji huu,
za watu nisiowajua hata kwa sura.
Mama hakuniambia anasikia baridi.
Sikumuuliza.

Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Wetu hajaja bado, yuko Tallinn juu ya jiwe la mtu,
ndevu zake za miiba zimetulia,
na huku kwetu mwenyeji ameanza kukunjua vidole.

Jumatatu nikapeleka daftari.
Mfugaji alisoma kwa kidole, mstari kwa mstari,
akatikisa kichwa kuridhika, akafika Jumamosi, akakwama.
"Hapa pameandikwa: amelala vizuri, amekoroma kidogo.
Nani huyu?"

Nikamwomba aniuzie balbu mbili.