Saa ya Baba

Ilikuja ndani ya kisanduku cheupe,
na ngozi ya plastiki usoni
ambayo Baba alitukataza kuibandua.
Elfu kumi na nane na mia tano, Barabara ya Digo.
Toleo jipya, alisema Nadhiri wa dukani,
hata Nairobi halijafika.
Akaapa kwa mamake.

Presha ndiyo iliyotupeleka.
Daktari wa Makadara alisema, mchungeni,
nasi tu watatu: mmoja Doha, mmoja bandarini kwa zamu,
na mimi wa maandazi ya oda.
Tukaona, basi, saa itamchunga.

Siku ya kwanza ikahesabu hatua elfu nne
Baba akiwa amekaa barazani
anajipepea, stima imepotea.
Tukacheka. Tukasema, ina bidii.

Siku ya pili ikatuuliza lugha.
Tukachagua Kiswahili, kwa fahari.
Kumbe aliyeifunza
hajawahi kuulizwa saa na mtu wa kwetu.
Nikaiambia: dawa, saa mbili usiku.
Isha ikasaliwa, saa mbili ikapita, kimya.
Ikaja kulia saa nane, watu wamelala,
kwa sauti ya mwanamke mchangamfu:
"Ni saa mbili! Wakati wa dawa!"
Jogoo wa Bi Tima Shee akaitikia.
Baba akaketi kitandani, akaitazama.
"Huyu bibi," akasema, "ana jua lake mwenyewe?"

Halafu Ijumaa.
Karai li motoni, mikono yangu ina unga,
simu ikatetema:
FAMAU. MAPIGO YA MOYO: 0.

Niliyaacha maandazi yaungue.
Nilitoka na leso moja, ndara mguu mmoja,
vichochoro vya Kibokoni nikivipita
na innalillahi mdomoni kabla ya wakati wake.
Twalibu aliacha kreni hewani.
Mwanamisi, huko Doha, alikwisha kuuliza tiketi.

Nikamkuta kwa kinyozi,
povu mpaka masikioni,
anabishana juu ya bei ya sukari.
"Baba, u hai?"
"Kwani nani kasema?"
Nikampa simu. Akavaa miwani,
akasoma polepole, kama hati ya shamba.
"Sifuri," akasema. "Hii ya benki, si ya moyo."
Kinyozi akacheka hata akauweka wembe chini.
Mimi nililia, sijui kwa nini wakati ule.

Ni jasho, alisema Nadhiri.
Joto la hapa, chumvi ya hapa,
waliotengeneza ni watu wa baridi.
Subirini sasisho.

Sasisho likaja Jumatatu, likameza bando la wiki,
kiduara kikazunguka, kikazunguka,
kikatuletea rangi nne mpya, picha ya theluji,
na sifuri ileile.

Mimi andazi langu likitoka bichi kati
hurudishwa, na pesa narudisha.
Simwambii mteja: lile tu,
litaivia tumboni, subiri sasisho.

Nikarudi dukani. Rafuni kuna jingine.
"Hili sasa ndilo limekamilika."
Na letu, Nadhiri, lilikuwa nini?
Akapangusa kioo cha kabati
kilichokuwa safi.

Baba hataki kuivua. Imelipiwa, asema.
Huenda nayo msikitini, plastiki juu,
akiwaambia wa safu ya mbele:
"Mpisheni marehemu."

Kidonge nampelekea mwenyewe,
saa mbili, saa mbili yetu.
Lakini saa nane bibi yule hulia,
nami huwa macho tayari.
Najua ni uwongo. Naamka.
Nasimama mlangoni pa Baba, gizani,
mpaka akorome.