Fobli

Karani wa vitambulisho pale Mutrah
alilamba kidole, akafunua daftari la makabila,
akaanza juu, akaishia chini.
Wamo wa milimani, wamo wa mchangani,
wamo hata wale wa kisima kimoja kilichokauka.
"Fobli," akasema. "Nisba ya wapi hii?"
Nikamwambia, andika tu.
Akaniangalia kama mtu aliyetafuna kokoto ndani ya halwa.

Ya wapi. Nina miaka hamsini na sita
na mpaka juzijuzi nami sikujua.
Nilijua uchache wetu tu:
kumi na tisa Mutrah, pamoja na kichanga cha Ruzaina;
Sur wawili, hawasemezani;
Sharja mmoja, anauza matairi;
na Unguja, uchochoro wa nyuma ya soko la kuku,
shangazi Mwatima, kipofu, tisini na ushei,
ambaye peke yake duniani hulitamka kwa ve na kwa pe:
Vopli, mwanangu. Vopli.

Ndiye aliyenipa ncha ya uzi, kwa simu,
kuku wakimkatiza:
"Babu yako Feruzi alikuwa mtu wa waya.
Waya uliolazwa chini ya bahari,
maneno yakapita humo yasilowe.
Yeye kazi yake kupangusa betri, kumimina tindikali,
na kumkorogea bwana wake Mwingereza uji usio na chumvi.
Bwana hakulijua kabila la Feruzi. Wala Feruzi hakulijua.
Alichukuliwa mdogo, mahali penye mvua nyingi,
basi, hapo ndipo kumbukumbu yake ilipokatika.
Kwenye daftari la mshahara, mbele ya jina pakawa patupu,
na patupu humkera mtu wa hesabu.
Akaandika: Feruzi wa Vopley."

Wa.
Kama ng'ombe wa. Kama mbwa wa.

Hiyo *wa* ilidondoka njiani,
kwenye muhuri wa pili au wa tatu, hakuna aliyeinama kuiokota.
Kisha akaja mwandishi wa Kiarabu, lugha isiyo na ve wala pe,
akaling'oa jina meno mawili ya mbele.
Fobli. Tukasomea hilo, tukaolea hilo,
tukalichonga kwenye vibao vya milango.

Nikaandika barua, binti yangu akaigeuza Kiingereza,
kwenda kanisa la kijiji alikotoka bwana wa waya.
Niliogopa watadhani tunadai shamba.
Miezi minne. Jibu likaja, mwandiko unatetemeka:

*Hapa jina hilo lilikuwa la nyumba tatu.
Vita ile ya kwanza ilichukua vijana watano.
Waliosalia walikuwa mabinti, wakaolewa, wakalivua.
Wa mwisho tulimzika miaka thelathini iliyopita,
Agnesi, mfuma soksi, hakuwa na mtoto.
Tulidhani limekwisha duniani.
Tafadhali tuambieni: huko mko wangapi?*

Nimeisoma jikoni, nimeisoma kitandani,
nimeisoma barazani, kiyoyozi cha jirani kikinidondokea begani.
Ishirini na watatu, nataka kujibu,
ila wale wa Sur niwahesabu vipi,
kila mmoja anaapa mwenzake si Fobli.
Na nimwambie nini yule mzee wa kanisa
aliyefurahi mpaka mkono ukamtetemeka?
Kwamba damu hatuna, tuna waya?
Kwamba jina la kwao halikufa, limelindwa
na wajukuu wa mtu aliyeandikwa kama mali?

Lake Feruzi nani alilifuma soksi, nani alilizika?
Lipo mahali penye mvua,
labda na wao wamehesabiana, wakamkosa mmoja.
Kule hakuna anwani.

Jana karani kapiga simu: kitambulisho tayari.
Nimekwenda. Amekosea herufi moja.
Nimesimama dirishani, kalamu mkononi,
na foleni nyuma yangu inaguna.