Kubebesha

Kila Jumanne nabebesha miparachichi
kitaluni kwangu, Katumba, chini ya nyavu nyeusi:
wembe mpya, mche wa kienyeji uliokatwa kichwa,
kikonyo kilichochongwa kama ncha ya kalamu,
ufa, kukutana, utepe wa nailoni, basi.
Ukikosea unene wa unywele, ganda lisiguse ganda,
vinakauka vyote viwili vikiwa vimekumbatiana.

Mvua ina siku ya kumi na nane.
Ndani, Subilaga anajichoma.
Namsikia akihesabu: sita, saba, nane,
kisha kimya kifupi cha sindano,
kisha, "Baba, uji tayari."
Ana miaka kumi na mitatu. Alianza na saba,
wiki ile aliyokunywa maji ya darasa zima
na mwalimu akamchapa kwa kwenda chooni mara nne.

Dawa yake inakaa kwenye chungu ndani ya chungu,
katikati mchanga wa Kiwira, mbichi.
Jirani akauliza kama tunatambikia.
Nikamwambia ndiyo.

Kule Mbeya, hospitalini, Daktari Mwasongwe
alichora nyuma ya kadi ya kliniki:
hili kongosho, limelala nyuma ya tumbo
kama jani la mgomba lililokunjwa,
na humu ndani, visiwa.
Nikacheka. Mimi mtu wa milimani,
bahari naijua kwa chumvi tu.
Visiwa, akasema, vidogo kuliko punje ya ulezi.
Ndivyo vinavyotengeneza insulini.
Vya Subilaga vilichomwa moto
na askari wa mwili wake mwenyewe, wakidhani ni adui.

Ng'ambo, akasema, wapo wanaovichukua
kwa marehemu, ndugu wakisharidhia,
wakavisafisha, wakavimimina
kwenye mshipa unaokwenda kwenye ini.
Vikatua. Vikashika. Vikaanza kazi ugenini.
Kwenye ini, si kwenye kongosho.
"Hiyo," nikasema, "ni kubebesha."
Akanyamaza, akaliandika neno langu kwenye kadi.

Nikavua koti.
"Basi chukua vyangu. Mimi ni shina la kienyeji,
nina miaka hamsini na sita, sijaugua."
Akanishika mkono.
Si hapa, mzee. Si sasa.
Na hata huko, aliyepandikizwa
hunywa dawa za kuwatuliza askari siku zote,
na askari waliotulizwa
hawazuii hata mafua.
Wengine, miaka ikipita, hurudi kwenye sindano.

Hilo nalijua. Katika miche yangu mia
ishirini hukataa.
Wateja huniuliza sababu, nami nasingizia baridi.

Isyonje walikuwa wakiuza viazi kwenye ndoo,
ukungu umewameza mpaka kiunoni.
Subilaga alikipima kimoja cha kuchemsha kwa macho,
akaongeza uniti mbili, akala.
Halafu, gari likiteremka, aliuliza jambo moja tu:
"Huyo aliyefariki,
mama yake anajua visiwa viko kwa nani?"
Nikatazama chai, mashamba kwa mashamba,
mpaka nyumbani.

Leo Jumanne. Baridi imeingia kwenye vifundo vyangu.
"Baba, unatetemeka. Lete wembe."
Sijawahi kumfundisha. Ametazama tu, miaka sita.
Ncha za vidole vyake zina vitundu vyeusi
kama kitambaa kilichodariziwa kikafumuliwa,
lakini mkono haukucheza:
mkono unaojichoma mara nne kwa siku
hauogopi ganda la mti.
Akachonga, akapasua, akakutanisha,
akazungusha utepe kutoka chini kwenda juu,
maji yasiingie.

"Tutajuaje kama kimeshika?"
"Wiki tatu. Jicho litavimba."
Akaandika tarehe kwenye kibao cha mche,
na chini yake, kwa mazoea,
sukari ya asubuhi:
saba nukta nne.