Vipande Thelathini

Bakuli hili limevunjika mara ngapi, sijui.
Mimi naliganga tu,
kipande kwa kipande, gundi kwa ncha ya unyoya,
ghalani, Makumbusho, Nairobi,
mvua ya Aprili ikitwanga mabati
na mto kule bondeni ukijifanya mto.

Hapa shingo ya joka. Kichwa hakipo.
Hapa mguu, na kucha: moja, mbili, tatu, nne.
Kucha ya tano ilikuwa mali ya mfalme;
fundi aliyezidisha, shingo yake halali ya upanga.
Basi huyu alihesabu hadi nne,
akainua brashi, akashusha pumzi.
Namjua mtu huyu.
Ndivyo ninavyojaza fomu za mkurugenzi.

Enzi yao waliiita Ming, yaani Angavu,
na iling'aa kweli: hariri, wino, samawati hii
ambayo udongo wa Gedi umeilalia karne na karne
na bado haijachuja.
Vijana wao walifungiwa katika vyumba vyembamba kama kabati,
siku tatu, ndoo pembeni,
wakiandika insha za miguu minane.
Aliyeanguka alirudi na mvi zake kujaribu tena.
Binti yangu Kerubo ana mtihani Novemba.
Sikumsimulia.

Twiga wetu naye alipelekwa huko, zawadi;
wakamwita mnyama wa heri
ajitokezaye pale tu mfalme anapotenda haki.
Wakamtungia sifa, wakamchora kwenye hariri.
Twiga hakujua haki wala dhuluma.
Alikuwa akitafuta mgunga.

Kisha?
Kisha mfalme mmoja akachoka na baraza.
Miaka ishirini na zaidi barua zikarundikana mlangoni:
gavana amekufa, nafasi iko wazi, tunaomba mtu.
Ndani kimya. Nje vumbi.
Baadaye ikaja baridi isiyojua msimu, na nzige,
na mtama uliogoma kutoka ardhini.
Hazina ikalia kama debe.
Ndipo mwerevu mmoja akapiga hesabu:
tupunguze matarishi,
farasi wanakula sana.

Miongoni mwa waliofutwa alikuwamo kijana mmoja wa mikoa ya mbali.
Alifika mji mkuu baada ya miaka kumi na minne,
na safari hiyo hakubeba barua.

(Musembi, tarishi wetu, aliondoka Ijumaa.
Alirudisha beji, koti la mvua, ufunguo wa pikipiki.
Akauliza kama atapewa stakabadhi.
Hakuna aliyejua stakabadhi huandikwa na nani;
siku zote alikuwa akiziandika yeye.)

Alfajiri ya mwisho, mfalme wa mwisho
aligonga kengele kwa mkono wake kuwaita mawaziri.
Akagonga. Akagonga tena.
Akatoka kwa mlango wa nyuma, akapanda kilima chenye miti,
na mshipi wake.

Saa kumi na moja na robo, umeme umekatika.
Napapasa ukutani, nabonyeza kengele ya ghala, ile ya betri.
Naisikia ikilia korido nzima
hadi kwenye dawati lake.
Nasubiri.
Mvua. Jenereta ya watu wengine, ng'ambo ya barabara.

Basi nawasha tochi ya simu, chaji asilimia tisa,
namalizia kuandika daftarini, kwa penseli, kama inavyotakiwa:
Bakuli, samawati na nyeupe. Vipande thelathini.
Kichwa cha joka hakipo.
Pengo lisipakwe rangi;
iachwe plasta tupu,
mtu akiona ajue.