Ukoga

Mchana kutwa nakwangua ukoga wa meno ya watu
katika kliniki ya Daktari Valji, njia ya kwenda Tudor.
Fungua mdomo. Suuza. Tema.
Jioni napanda hadi orofa ya tatu, Ganjoni,
navua viatu, nawasha taa ya tangi,
nakuta wenzangu wa kazi wako zamu.

Kambare wanne. Hakuna anayezidi kiungo cha kidole gumba.
Mgongo rangi ya mchanga, mstari mweusi ubavuni
kama mtu kawapaka wanja wakiwa mbioni.
Mdomo uko chini, si mbele:
mdomo wa kubusu kioo.

Walikuwa saba.
Muuzaji wa Marikiti aliwatia kwenye mfuko wa nailoni,
akafunga na neno: "Hawa hawana gharama, dada.
Wanakula uchafu."
Nani asiyetaka kiumbe wa kula uchafu bure?
Nikafika nyumbani nikasugua tangi likalia kama sahani ya harusi,
changarawe nikaikosha maji saba,
kioo nikakipangusa kwa gazeti,
nikawakaribisha wageni katika nyumba inayong'aa
isiyo na tonge.

Wa kwanza alikufa usiku wa pili.
Mwenzake nilimkuta nyuma ya pampu, tumbo limeingia ndani
kama shavu la kizee asiye na meno.
Wa tatu sisemi.

Fumo, mwenye tangi, yuko shule ya bweni, Voi.
Jumapili ya simu nikamweleza. Akanyamaza,
kisha akauliza, kama yeye ndiye mzazi:
"Uliwapa nini, mama?"
Usafi, nikasema. Niliwapa usafi.

Tangu siku hiyo sigusi kioo cha nyuma.
Nimekiachia jua la alasiri.
Kimeota kijani, mwanzo kama pumzi,
sasa kama mahameli.
Tango nachemsha kipande, dakika mbili,
nakifunga kwenye kijiko kipate kuzama;
mumunye siku za Ijumaa; mchicha usiotiwa chumvi.
Wifi yangu Tima akija hukunja pua:
"Nesi wa meno, na nyumbani wafuga ukoga?"
Namsogezea kahawa.

Lakini taabu hasa ni maji.
Kisiwa hiki, chimba utakapo, wachimba chumvi.
Mfereji unakohoa, unatoa hewa, unanyamaza wiki.
Basi namngoja Kazungu na mkokoteni wake wa madumu,
namsikia akigonga chuma kwa chuma
kona ya duka la mikate.
"Haki ya Mungu ni ya mfereji hii, mama Fumo."
Nachovya kidole, naonja.
Ulimi wangu umesoma.
"Kazungu. Hii ni ya kisima."
Anacheka, anakuna shingo, anashusha dumu la chini kabisa.
"Sisi twaoga chumvi, wanetu wanywa chumvi,
samaki wako wataka maji baridi."
Sina jibu. Nampa hamsini yake
na kumi juu, ya nini sijui.
Analipandisha mwenyewe ngazi zote, analitua,
anachungulia tangi, jasho likimdondoka.
"Na hawa hulala saa ngapi?"

Sijui kama hulala.
Stima ikipotea, pampu ikizima,
nawamulika kwa tochi ya simu:
mmoja, wawili,
watatu,
watatu,
wa nne yuko chini ya jani, anatafuna.

Leo asubuhi, kabla ya kazi,
nimeona njia nyembamba katika mahameli ile,
imepinda, imerudi, imepinda tena,
upana wa mdomo mmoja.
Nikainama nikaweka jicho.
Kupitia kioo, na maji, na dirisha,
nikamwona Kazungu kule chini, mdogo, ameegemea mkokoteni,
ameinua dumu lililokwisha
anakung'uta matone kinywani.