Siku ya Kumi na Tatu

Fuso la korosho lilipinduka usiku, kabla ya Mtama,
magunia yakawalalia wawili,
Dadi na Somoe, mama mmoja, baba mmoja.
Huyu paja limevunjika, yule paja limevunjika,
damu waliyomwaga ungeipima kwa kibaba kilekile.

Mimi ndiye niliyejaza fomu pale Nyangao, saa nane na robo.
Kwa Somoe fomu inauliza: hedhi ya mwisho lini?
Akahesabu kwa vidole vyenye vumbi. Leo ya kumi na tatu.
Kwa Dadi haiulizi kitu.
Mwanamume, inadhani, hana mwezi wa kuhesabu.

Siku ya tatu homa ya Somoe ilishuka,
akaomba kisamvu, akalalamikia chumvi.
Siku ya tatu Dadi akaanza kutetemeka.
Usaha. Mapigo mia na thelathini.
Mtu wa maabara alikuwa msibani Ndanda,
nikainamia hadubini mwenyewe:
chembe nyeupe zipo, si kwamba hazipo,
zipo kama mgambo waliokalia marungu yao
huku mwizi anahamisha godoro.

Daktari Nakomolwa, macho mekundu kwa kukesha,
alifuta miwani kwa pindo la koti.
"Mwili ukipigwa sana, testosteroni
huzinong'oneza chembe: tulieni.
Estrojeni huzishika bega: amkeni, ila msichome nyumba.
Ndivyo walivyosema panya."
Akanyamaza.
"Binadamu bado hawajakubaliana.
Nimewapoteza wanawake wa siku ya kumi na tatu."

Jandoni Dadi alifundishwa: mwanamume halii.
Hakulia, hata bendeji iliponasa kwenye nyama.
Nani angemwambia kwamba uume uleule
uliompa ndevu, na sauti ya kuita ng'ambo ya bonde,
huenda ndio uliowalaza walinzi?
Sikumwambia. Nilibadili dripu.

Usiku wa sita tulimsukuma Somoe na kitanda chake
hadi wodi ya wanaume,
mawe ya kuvutia mguu yakibembea.
Alimkanda kaka yake kipaji kwa kitambaa.
"Hiyo iliyomo damuni mwangu," akasema,
"nichoteeni, mmtilie."
Nikamjibu haigawiki hivyo,
nami sina hakika kama hakuna, mahali fulani, anayejaribu.

Alfajiri: thelathini na nane nukta tisa.
Jana ilikuwa thelathini na tisa nukta nne.
Nikaandika.
Kisha pembeni mwa fomu ya Dadi,
pasipo na mstari,
nikachora kisanduku kidogo
nikakiacha wazi.