Kidole Hakisomeki

Mashine imemkataa shangazi kwa mara ya nne.
Taa yake nyekundu inawaka, inazima, inawaka,
kama jicho la jirani asiyetaka kukuazima chumvi.
"Kidole hakisomeki, mama," asema kijana wa dirishani,
akakifuta kioo kwa kitambaa,
kana kwamba uchafu ndio kosa.

Si uchafu, mwanangu. Ni viazi vya karai.
Miaka thelathini na minane pale kona ya Majengo,
kidole gumba na cha shahada
vikichovya kiazi katika uji wa dengu,
vikikitua ndani ya mafuta yanayochemka
pole, pole, yasimrukie mteja.
Mteja hakuungua.
Mistari ndiyo iliyoungua, mmoja mmoja,
tukaila na ukwaju, watoto wote wa mtaa,
na hakuna aliyejua kwamba tunakula jina lake.

Safari yenyewe niiseme bila kuipamba.
Kwa chifu: nendeni ustawi wa jamii.
Ustawi wa jamii: afisa yuko semina, Voi.
Jumatatu: leteni nakala ya kitambulisho.
Kitambulisho: kazaliwa mwaka sitini na tatu.
Shangazi akacheka hadi mtandio ukamwanguka.
"Sitini na tatu nali nishaolewa nikaachwa!"
Karani wa enzi hizo hakumuuliza umri,
alimtazama uso tu, akakisia.
Uzuri wa ujana wake umekuja kumdai leo.

Mguu wake wa kulia umevimba.
Mimi nimeomba ruhusa kazini mara tatu,
ya nne nimesema kuna msiba.
(Mungu nisamehe. Haukuwa uongo wote.)

Nje, kwenye benchi, kivulini mwa tangi la maji,
ndipo alipotusogelea Bi Nyevu wa Mikindani,
mkobani daftari nene, jalada limeliwa na jasho.
Hakutupa pole. Alituuliza:
"Cheti cha kuzaliwa hakuna? Cha ndoa?
Chochote chenye tarehe?"

"Talaka ninayo," akasema shangazi. "Ya sitini na moja."

Bi Nyevu akalipiga daftari kofi.
"Basi huyo mwanamume hatimaye kakufaa!
Ichukue, ukaape kiapo cha umri.
Yuko dada mmoja wakili, Tononoka, ghorofa ya pili,
Alhamisi hawatozi wazee. Sema nimekutuma.
Na vidole: mafuta ya nazi usiku, uvifunge kitambaa,
asubuhi maji ya vuguvugu, kisha jaribu vyote,
hata kile kidogo, kile mvivu.
Wakikataa kumi vyote, kuna fomu ya kuteua wa kukupokelea.
Wenyewe hawatakwambia.
Ukiitaja wewe, itatoka drooni."

Nikamuuliza anafanya kazi shirika gani.
"Shirika la kuzungushwa. Mwaka wa tatu huu."
Mumewe alikufa jina lake bado likishughulikiwa.

Alhamisi tulipanda ngazi, shangazi akizihesabu kwa sauti,
thelathini na moja, na kila ya tano astaghafiru.
Wiki iliyofuata kikasomeka kidole kidogo cha kushoto,
kile alichokuwa akikiinua juu akichovya viazi,
kama bibi harusi anayehofia hina yake.
Kijani! Kijana wa dirishani akapiga makofi peke yake.

Umri bado.
Faili liko Nairobi, wanasema,
kwa sauti ile wanayosemea ahera.
Fedha hatujaziona.

Ila jana, benchi lile lile,
mzee wa Miritini alikuwa amekalia ncha,
kitambulisho kakishika kichwa chini.
Shangazi akajisogeza, akamshika mkono,
akaugeuza kiganja, akavitazama vidole.
"Ulikuwa kuli?"
"Kuli. Bandarini. Magunia ya saruji."

Akanigeukia.
"Lete lile daftari letu.
Na kalamu, ile inayoandika."